Jani Nililolisafisha

Mtu anayepiga picha ya mdudu kwa simu namdharau, na sioni sababu ya kuficha. Anainama, anamsogelea nzi mpaka nzi anashtuka na kwenda zake, halafu anarusha kwenye kundi letu la wapiga picha kitu chenye ukungu mtupu, na wenzake wanamjibu kwa vidole gumba na alama za moto. Moto wa nini? Mdudu mwenyewe hana jicho, hana mguu, hujui hata mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ukimuuliza ni mdudu gani, anakujibu, "Ni mdudu tu, kaka."

Nina studio Same mjini, si mbali na stendi ya mabasi. Picha za pasipoti, za kipaimara, za harusi, hiyo ndiyo kazi inayoniweka mjini, na kusema kweli naiweza. Bibi harusi hatoki kwangu na chunusi. Hata kama siku ya ndoa ameamka na jipu shavuni, kwenye albamu atakuwa na uso laini, na mawifi wataapa kwamba ndivyo alivyokuwa. Lakini hiyo ni kazi tu. Ninachokipenda ni wadudu, na hapo ndipo ninapokuwa mtu mgumu kuishi naye.

Kuna wenzangu wa mijini huko wanaomtia panzi kwenye friji mpaka azubae, wakamshika kwa gundi, wakamweka mbele ya kamera iliyosimamishwa juu ya stendi, kisha wanajiita mabingwa. Hao kwangu ni wapiga picha wa maiti. Mimi nampiga akiwa hai, kwenye jani lake, na kamera iko mkononi. Nashika shina la mmea kwa mkono wa kushoto, naegemeza lenzi juu ya ngumi, natoa pumzi, kisha nasogea mbele kidogo kidogo huku nikibonyeza. Flashi inawaka mara thelathini, na mwanga wake unapita kwenye kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula nilichokikata na kukikunja mwenyewe, ili mgongo wa mdudu usimetemete. Kwa ukaribu ule kila picha inashika sehemu nyembamba tu: moja imeshika kipapasio, nyingine jicho, nyingine goti. Baadaye kompyuta inazirundika zote thelathini, inachukua palipo wazi kwenye kila moja, na kunipa picha moja ambayo mdudu anaonekana kuanzia kipapasio mpaka mkiani. Watu wanaoweza kufanya hivyo kwa mkono, bila stendi, hapa kwetu nawajua. Ni mimi.

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, anaishi Vudee, juu mlimani. Mwaka juzi wakati wa kiangazi alinipigia simu akaniambia maharage yake yanakufa, niende na kamera yangu.

Inabidi niyaeleze hayo maharage. Si ya dukani. Ni mbegu ya bibi yetu, mekundu yenye mkanda mweupe katikati, na mama mdogo ndiye aliyeachiwa kuitunza, kwa sababu mama yangu alishahamia mjini. Pale kijijini kila anayeyapanda huanzia kwake. Mvua za vuli zikikaribia, wanawake wanakuja na mabakuli, anawapimia, na wakivuna wanatakiwa kumrudishia bakuli lile lile. Siku hizi hawarudishi. Wanakula yote mpaka punje ya mwisho, kwa kuwa wanajua kwa mama mdogo hayakosekani. Uvivu mtupu, na nilishawahi kumwambia hivyo, akanikemea nisiwaseme watu wazima. Basi mwaka ule fukusi waliingia kwenye debe lake la mbegu, wakala, wakabakiza sahani mbili. Zote mbili alizipanda kwenye kishamba kilicho chini ya ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo kila nyumba ina zamu yake ya maji. Hakuweka akiba hata punje moja. Kama kishamba kile kingekufa, mbegu ya bibi ingekuwa imekwisha duniani.

Alikuwa ameshampigia bwana shamba, na bwana shamba akamwambia pikipiki yake ni mbovu, atumiwe picha. Daktari wa kutibu kwa simu. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kupanda mlima.

Nilimkuta mama mdogo shambani na jirani yake, mwanamke wa makamo mwenye simu iliyopasuka kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima."

Majani yalikuwa yamepauka, yana rangi ya njano iliyochanganyika na kijivu, na machache yalikuwa na matundu. Kabla sijafungua begi, yule jirani akaninyooshea simu yake.

"Mimi nimeshapiga, kaka. Hebu angalia."

Nikaangalia. Ilikuwa sehemu ya chini ya jani, imepigwa kwa karibu mno, ukungu kila mahali, na juu ya ukungu wekundu hafifu kama mtu ameipulizia unga wa pilipili.

"Sasa hii ni nini?"

"Kuna vumbi jekundu huku chini ya majani."

"Dada, simu yako ina uchafu kwenye kioo," nikamwambia. "Ifute hii picha, isije ikamfikia bwana shamba mkachekwa."

Akaifuta. Aliifuta mbele yangu, akaomba radhi, akairudisha simu kwenye mkunjo wa khanga.

Mama mdogo akasema, "Hata mimi hilo vumbi nimeliona. Linatembea."

"Vumbi halitembei, mama."

"Hili linatembea. Na nikishika majani linaniwasha mikono."

"Ni macho hayo, mama. Umri nao umo."

Nilisema kwa kucheka, kwa utani tuliouzoea. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akashika jembe, akaenda kuzibua mfereji wake.

Nami nikaanza kumtafuta mhalifu, kwa jinsi ninavyojua mimi mhalifu anavyotafutwa, na sikuchukua muda. Nilipinda jani moja, na upande wake wa chini akawa ameng'ang'ania mbawakavu, rangi ya chungwa lililoiva, mabawa meusi pembeni, anatafuna ukingo wa jani bila wasiwasi. Nilisahau maharage, nilisahau mbegu, nilisahau hata kusimama vizuri. Nilipiga magoti kwenye tope la mfereji nikampiga mara thelathini kwa pumzi moja. Nilipoinuka nilijiona nimemaliza kesi.

Kesho yake asubuhi nikazirundika picha zile studioni. Mbawakavu alitoka wazi mpaka vinyweleo vya miguuni. Lakini kwenye jani, nyuma yake, kulikuwa na mistari ya vidoti vilivyofuatana, huku na huku. Mtu yeyote anayepiga kwa mkono anajua hiyo ni nini. Kamera ikiwa na chembe za vumbi ndani, basi kwa kuwa mkono haukutulia, kompyuta inapozilinganisha zile picha thelathini, kila chembe inatokea mara thelathini, kila mara pembeni kidogo, na inaacha mstari. Mwanafunzi angeuliza ni kitu gani. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua. Nikachukua brashi ya kwenye kompyuta, ile ile ya chunusi za mabibi harusi, nikafuta mstari mmoja mmoja. Ilinichukua karibu saa nzima. Jani likabaki kijani laini, halina doa. Nilifurahi sana.

Nikamtumia bwana shamba. Nikairusha na kwenye kundi, moto ukamiminika, na safari ile niliona moto ni jambo la haki kabisa. Bwana shamba alinipigia mwenyewe.

"Hii picha ni ya kuweka kitabuni. Jani safi, mdudu ni huyo mmoja tu. Huyo ni mbawakavu wa maharage. Apulizie dawa, baada ya wiki arudie."

Mama mdogo akapulizia, na baada ya wiki akarudia. Siku chache baadaye akanipigia akasema majani yanazidi kukauka na sasa yamefunga utando.

"Hao ni buibui, mama," nikamwambia. "Buibui ni rafiki wa mkulima, wanakula wadudu. Waache."

Nasikia aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini niliisema, na kwa sauti ya mtu mwenye haraka ya kumwahi mteja wake.

Bwana shamba hatimaye alikuja juu, nyuma ya bodaboda, na mimi nikapanda siku hiyo hiyo. Kishamba kizima kilikuwa kimegeuka rangi ya nyasi za kiangazi. Hakutoa kifaa chochote. Alitoa karatasi nyeupe kwenye daftari lake, akaiweka chini ya jani, akaligonga jani kwa kidole mara mbili. Vikaanguka vidoti vyekundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Tukainamia karatasi, mimi, yeye na mama mdogo. Vidoti vikaanza kutembea.

"Utitiri," akasema. "Wanafyonza jani kwa chini mpaka linakauka, na utando huu ni wao wanaoufuma. Ile dawa haiwaui hawa. Imewaua wadudu waliokuwa wanawala hawa, wenyewe wakabaki wanajitanua."

Kisha akanigeukia. "Lakini kwenye picha yako jani lilikuwa safi kabisa. Imekuwaje?"

"Nitaangalia," nikajibu. Nilikuwa nimeshajua.

Niliporudi Same sikupokea mteja. Nilifungua zile picha thelathini kabla hazijarundikwa, moja moja, nikazikuza. Walikuwepo wote. Wengine walikuwa kwenye mishipa ya jani, wengine wamelala juu ya mayai yao, na kila picha walikuwa wamesogea hatua, ndiyo maana waliacha mistari. Kwenye picha ya kumi na tisa kulikuwa na mmoja aliyeshikwa sawasawa na flashi, mwekundu, duara, na miguu yake niliihesabu yote minane. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na mimi niliipitishia brashi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nawacheka watu wanaoona kidogo wakasema walichokiona. Mjinga aliyeona kila kitu akakifuta alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa shati langu.

Nilirudi Vudee baada ya wiki. Mama mdogo alikuwa ameshang'oa mashina yote. Maganda machache aliyoyaokota alikuwa ameyapukuchua, akachagua punje zilizo na nafuu, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji aone kama zitachipua. Alinifungulia kitambaa. Punje zote zilikuwa zimeoza.

Nikamwambia, "Mama, lile vumbi lilikuwepo. Kamera iliwaona. Mimi ndiye niliyewafuta."

Alifikiri kidogo. "Uliwafuta kwenye majani?"

"Kwenye picha."

"Ungewafuta kwenye majani," akasema, akakunja kitambaa chake, akaingia jikoni.

Hakusema kwa hasira. Nadhani alikuwa anajaribu kuelewa hiyo kazi yangu ni kazi gani.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukaa juu ya mlima nilikwenda tena kumsalimia. Nilikuwa ndani nakunywa chai wanawake walipoanza kuja na mabakuli yao. Aliwapokea nje, mlangoni, na mimi nilisikia kila neno. Mama mdogo alimwambia kila mmoja kwamba mbegu hakuna mwaka huu, wala mwakani, imekwisha. Wakamuuliza imekuwaje.

"Nilizembea," akawaambia. "Nilichelewa kupulizia dawa."

Hata yule jirani wa simu iliyopasuka alikuja. Yeye alisema polepole, "Lakini mama, si tulisema lile vumbi..."

"Tulisema nini?" mama mdogo akamkatiza. "Hatukuwa na hakika hata sisi wenyewe."

Mwingine akauliza, "Na yule mwanao wa kamera, hakukusaidia?"

"Alinisaidia sana. Aliacha kazi zake akapanda mlima wote huu kwa ajili yangu."

Nilitakiwa kutoka. Hatua tatu tu, niwasalimie wale mama, niwaambie ukweli wakiwa wameshika mabakuli yao matupu. Nilikaa pale pale na kikombe changu mkononi mpaka niliposikia wote wameondoka, na mama mdogo alipoingia aliniuliza kama chai imepoa aniongeze ya moto.