Tulivyoshusha Nyuzi kwa Heshima ya Mkurugenzi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "itifaki imezingatiwa" natafuta mlango, na sababu ni gitaa.

Nafundisha gitaa hapa Dodoma. Jumamosi mchana wanafunzi wangu wote hukutana ukumbini tupige kwa pamoja. Wenyewe wanaita jemu. Wengi ni watumishi wa wizarani kule Mtumba, watu wazima waliochoshwa na mafaili. Nilidhani wanakuja kupumua. Wapi! Wamekuja na ofisi yao mgongoni. Wiki ya tatu tu walishachagua mwenyekiti na katibu, na wimbo hauanzi mpaka mtu asimame aseme, "Mkuu, kwa ruhusa yako." Khaa! Ruhusa ya kupiga gitaa!

Mkuu mwenyewe ni mkurugenzi wao. Yeye ndiye aliyetuombea ukumbi, na haachi tusahau. Anakuja vidole vinang'aa mafuta ya nyama choma, anavipitisha hivyohivyo kwenye nyuzi, kisha anacheua. Gitaa lake hakuna wa kuligusa. Nyuzi amezilegeza makusudi, kwa sababu uzi uliwahi kumkatikia ukamchapa shavuni. Basi gitaa lile liko chini ya sauti ya magitaa mengine yote, linalia kama mbuzi mwenye kikohozi.

Siku ya kwanza nilisubiri mmoja wao amwambie. Hakuna. Waliinama, mmoja baada ya mwingine, wakalegeza nyuzi zao mpaka wakamfikia. "Mkuu yuko sawa," alisema katibu. Nikatazama dari. Ningefungua mdomo, ukumbi ungekwenda na maji. Nikajisemea, funika kombe mwanaharamu apite, na wiki iliyofuata nikalegeza za kwangu.

Kwenye kundi lile alikuwemo dada mmoja, mhudumu anayewapikia chai ofisini. Kwao Mlali, Mgogo wa kuzaliwa, amekulia mahali ambapo mmoja akianzisha wimbo wengine wanaingia kila mtu na sauti yake bila kuelekezwa. Wenzake wanahangaika na kipimo cha sauti kwenye simu. Yeye anasikiliza tu, anakaza, basi, na ukimpima hakosei. Nilimwonea wivu, nakiri.

Kanisani kwao hakuna mwanamke aliyewahi kupiga gitaa. Aliwabembeleza wazee wa kanisa mwaka mzima, mwishowe wakampa Jumapili moja, wimbo mmoja, apige pamoja na kinanda. Wakamwambia akiharibu asirudi kuomba tena.

Jumamosi, siku moja kabla, alikuja tumfanyishe mazoezi ya mwisho. Akamwamkia mkurugenzi shikamoo, akakaa kiti cha nyuma, akaanza. Siku nyingine alikuwa akipiga chinichini asisikike, lakini siku ile alipiga kwa nguvu, na gitaa lake lilikuwa sahihi. Sisi wengine wote tulikuwa chini, kwa hiyo aliyesikika kukosea ni yeye.

Mkurugenzi akainua kidole. "Nani huyo anatutoka?"

Vichwa vyote vikamgeukia dada. Yeye akanitazama mimi. "Mwalimu, mimi nasikia niko sawa. Au?"

Sentensi moja tu ingetosha. Kila aliyekuwa mle ndani alijua, na kila mmoja alikuwa anakagua kucha zake.

"Shusha kidogo, dada," nikamwambia. "Fuata wenzako."

Akashusha. Wimbo ukaenda vizuri, vizuri vya pale kwetu. Mkurugenzi akapiga makofi, na wote wakapiga. "Usiguse tena hapo," akamwambia. "Kesho piga hivyohivyo." Nami nikaitikia kwa kichwa, mzima na akili zangu! Nilijiambia nitampigia simu jioni. Jioni nikajiambia mwenye sikio kama lile atajirekebisha mwenyewe, nikawasha televisheni.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, mimi peke yangu nikiwa ukumbini. Hakuwa na gitaa. Alinisimulia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Kinanda kilipoingia, gitaa lake likawa mbali nacho kabisa. Watu wakaguna. Alisikia tangu mwanzo, alisema. Mkono ulikwenda kukaza nyuzi, akaurudisha. Ubeti wa kwanza haujaisha, mzee wa kanisa akamwashiria akae chini, mbele ya mama yake na ukoo mzima. Wimbo ukamaliziwa na kinanda.

"Sasa kwa nini hukukaza?" nilimuuliza, na swali lenyewe lilinitia kinyaa kabla sijalimaliza.

"Nilijua ni masikio yangu mabovu," akasema. "Si ulisema wewe, mwalimu?"

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningeshukuru. Alikuwa anauliza kweli, anangoja nimwambie kama masikio yake ni mazima au la, na mimi nikafungua mdomo.

Nyuma yake ikasikika cheuo. Mkurugenzi alikuwa anapanda ngazi, kijiti cha meno mdomoni, katibu kambebea gitaa. Dada akampisha mlangoni. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," akajibu bila kumtazama, akaketi, akapitisha vidole vyake vya mafuta kwenye nyuzi zile zilizolegea. "Mwalimu, tuko tayari?"

Dada alikuwa bado amesimama, ananitazama. Nikashika gitaa langu, nikainama, nikalegeza nyuzi moja moja mpaka nikamfikia mkuu.