Neno Nililomwambia Kaka

Nilikuwa naishi kwa kaka yangu, mtaa wa Nyakato, nikisubiri nafasi ya chuo. Wifi, mke wa kaka, alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alitoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto wao wa mwaka mmoja na miezi mitatu alibaki na mimi.

Kila asubuhi nilipika uji wa sembe, mwepesi kama maji, nikaumimina kwenye chupa ya chai. Mtoto alikunywa huo huo hadi jioni. Karanga za kusaga alizoacha wifi nitie humo, nilizilamba mwenyewe nikitazama tamthilia.

Mtoto akaanza kuharisha. Akapata nafuu, akaharisha tena. Mapaja yakasinyaa.

“Wifi, anakula kweli?” mama yake aliniuliza.

“Anakula vizuri tu.”

Kaka naye aliponiuliza, niliogopa. Nikamwambia, “Mkeo amembemenda mtoto. Ananyonyesha huku ana mwanaume huko kiwandani, ndiyo maana mtoto anakonda.”

Kaka aliamini. Kwa wiki mbili hakumsemesha mkewe.

Asubuhi moja mtoto aliharisha mfululizo mpaka akashindwa kushika kichwa. Tukamkimbiza hospitali wote watatu. Nesi alivuta ngozi ya tumbo, ikabaki imekunjamana. Akampima mkono kwa utepe. Ukaangukia kwenye rangi nyekundu, ya utapiamlo mkali.

“Nani anamlisha mchana?”

“Mimi,” nilijibu.

“Unampa nini?”

“Uji.”

“Umeweka nini ndani?”

Kaka akauliza kwa sauti ya chini kama si kubemendwa.

“Huyu ana njaa, baba,” nesi alisema. “Na uji unaoshinda kutwa ndio huenda unamharisha.”

Kaka aliinamisha kichwa. Hakunitazama.

Mtoto alilazwa, akapewa maji ya chumvi na sukari ya hospitali kijiko kwa kijiko, baadaye maziwa ya lishe. Siku ya nne aliomba kubebwa. Wifi alikuwa anakunja khanga nilipomwambia, “Yale maneno yalitoka kwangu.”

“Najua,” alisema. “Mshike, nikafue.”

Mtoto alipona; sasa yuko darasa la pili. Wifi hajanikumbushia hata mara moja. Ila sijawahi kusema mbele ya kaka kwamba nilimsingizia mkewe. Kila nikiwatembelea naondoka na neno hilo mdomoni.