Mti wa Tatu

Mwezi uliopita nilirudi kilimani kwetu, nje ya Kibondo kwenye njia ya kwenda Mabamba, kwa sababu upepo ulikuwa umeezua madarasa mawili ya shule niliyosoma. Nilikuta mabati yamekunjamana migombani, na bwana mmoja wa wilayani akipita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Swali lake lilikuwa moja: je, upepo wa namna hii uliwahi kutokea hapa? Vijana kwa wazee walimjibu kwamba haujawahi. Nilikuwa nimesimama palepale, msomaji wangu, na sikufungua mdomo. Kabla ya huo ulikwishatokea mara kumi. Nipe muda nikueleze nilijuaje, na kwa nini nilinyamaza kama niliyemwagiwa maji.

Kwa bibi yangu, mama yake baba, upande wa magharibi unakotokea upepo, palikuwa na safu ya miti tisa. Ni mti ule wenye utomvu mweupe ambao nyumbani tunauita umuvumu. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika. Ilikuwa desturi ya kilima chetu, na bibi aliishika kuliko wote. Upepo ukishabomoa, kesho yake, hata kabla ya kuezeka upya, mama wa nyumba anazunguka shambani kutafuta mahali ulipoingilia. Pale ulipolala mgomba wa kwanza ndipo anapochomeka tawi. Watu wote wa nyumbani wanaligusa, yeye anautaja upepo kwa jina, anataja ulichochukua, kisha wanakwenda kukata nyasi za paa. Kwa hiyo miti ile ilikuwa ukuta wetu na ilikuwa pia historia yetu. Hatukuwa na nyingine.

Kila mwaka mvua za kwanza zilipokaribia, vumbi likiwa bado jekundu na ngozi za miguu zikipasuka, bibi aliniita tukapogoe miti. Nilikuwa mjukuu wake wa kwanza na nilijua kusoma, basi alikwisha amua kwamba kazi ya kukumbuka ni yangu. Tulianza na chakula, maana bibi hakuamini kichwa cha mtu mwenye njaa: muhogo wa kuchemsha, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka midomo ikawa myekundu. Halafu tulishika njia. Kwenye kila mti aliweka kiganja kwenye gome na kungoja mimi niseme. Mti wa kwanza ulikuwa Upepo wa Mtama, uliolaza mtama wote mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Wa pili ulikuwa Upepo wa Mizinga, ulioangusha mizinga ya nyuki ya kilima kizima, nyuki wakaingia majumbani na watu wakalala porini siku mbili. Nilikuwa naucheka huo kila mwaka, na bibi aliniacha nicheke.

Kwenye mti wa tatu hakuna aliyecheka. Upepo ule uliangusha kihenge cha mtama, na chini yake alikuwa amejificha binti wa bibi, mtoto wake wa kwanza, wa miaka minne. Baba alikuwa hajazaliwa. Kwa mila zetu jina la mtoto aliyekufa hivyo halitajwi ndani ya nyumba, lisije likawaita wadogo zake, na baba mwenyewe alikua bila kuambiwa dada yake aliitwa nani. Lilitajwa mahali pamoja tu, kwenye mti ule, mara moja kwa mwaka. Babu alipofariki lilibaki kwa bibi, na baada ya hapo kwa bibi na kwangu. Nililitamka, bibi akaitikia kwa niaba yake, kama mama anavyomwitikia mwanawe aliyeko mbali, tukasonga mbele.

Wa tisa niliuona kwa macho yangu. Tulikuwa tunapura maharage uani, fimbo zinapanda na kushuka, bibi akaacha ghafla akanusa. Alisema neno moja, "Umuyaga," yaani upepo, akatukusanya wote mpaka jikoni. Anga la upande wa Burundi lilikuwa la kijani. Kwanza mbuzi walinyamaza, kisha tukasikia migomba ya jirani ikivunjika mmoja mmoja, ikija kwetu. Ulipofika kwenye miti ile minane, ikainama yote kwa pamoja na kulia, nami nikaziba masikio. Ulipita. Ulichukua nusu ya paa na kuku wanne, na kwenye pengo la safu ukalaza migomba sita, lakini nyumba ilibaki imesimama. Kwa jirani hakukubaki hata jiko. Maharage yetu tuliyaokota mpaka kwenye njia ya kisimani, punje moja moja, kwa siku tatu.

Na mimi, baada ya kuona hayo, nilitaka nini? Nilitaka bati. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimefaulu kwenda sekondari Kasulu, na nilikuwa mtoto wa kujidai. Kule mjini Kibondo palikuwa na mwenye duka mmoja, mtu wa asili ya pwani, nyumba yake ya matofali na bati iling'aa mpaka barabarani, na shuleni waliotoka nyumba za nyasi tulitaniwa kwamba tunanuka moshi. Baba, kwa furaha ya kufaulu kwangu, aliniuliza nataka nini. Nikamwambia. Alikuwa tayari amefyatua matofali ya kutosha. Alichokosa ni kuni za kuyachomea, kwa kuwa porini tulikuwa tumekwisha katazwa kukata. Alitazama ile miti tisa, akanitazama mimi. Alijua mama yake hatamsikia yeye, lakini mimi atanisikia.

Nilikwenda kwa bibi nikiwa na hoja zangu za darasa la saba. Nilimwambia nyumba ya matofali haihitaji ukuta wa miti. Aliendelea kumenya muhogo. Ndipo nikasema lile ambalo hadi leo linanichoma. Nilimwambia, "Bibi, yote nimekwisha yashika kichwani. Miti ni ya nini tena?"

Aliweka kisu chini akaniambia twende. Tulipita mti kwa mti, na siku hiyo sikukosea hata mmoja. Nilitaja pepo zote tisa na kila zilichochukua. Kwenye mti wa tatu nilitamka jina lile kwa sauti ya mtoto aliyezoea kushika namba moja. Bibi alisimama na kiganja chake kwenye gome muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akasema, "Basi, amekuhamia wewe. Umtunze." Akarudi nyumbani bila kupogoa. Jioni ile baba alinoa shoka.

Umuvumu ni kuni mbaya, mti wenye utomvu kama ule hauwaki, unatoa moshi tu. Tanuru lilifuka siku nne, kilima kizima kikakohoa, na matofali yalipotolewa yalikuwa mekundu nje na mabichi ndani. Baba alilijua hilo, lakini mabati yalikuwa yamekwisha letwa. Nyumba ikasimama. Nililala humo wiki mbili kabla ya kwenda Kasulu, na mvua ilipopiga bati kwa mara ya kwanza nilijiona mtu. Bibi alikuwa chumba cha magharibi. Alisema mvua ya bati inamzuia kusikia kinachokuja.

Wa kumi ulikuja nikiwa shule. Jirani ndiye aliyenisimulia. Ulikuwa mchana, mvua kubwa inapiga, na hakuna aliyesikia kitu mpaka paa liliponyanyuka lote pamoja na kenchi zake. Ukuta wa magharibi ukalala ndani. Walimtoa bibi akiwa hai, nyonga imevunjika. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, wakamlaza jikoni kwa jirani, kwenye mkeka karibu na moto. Hakuna aliyechomeka tawi. Matawi yangetoka wapi, na mwenye kujua upepo ulipoingilia alikuwa amelala hawezi kutembea.

Nilirudi likizo nikiwa na vitabu vyangu na Kiingereza changu cha kidato cha kwanza. Nilimkuta amepungua, amebaki macho. Hakuniuliza habari za shule. Aliniuliza safari, akaniuliza kama nimekula, kisha akanyoosha kiganja hewani, vilevile alivyokuwa akikiweka kwenye gome, akangoja.

Nikaanza. Upepo wa Mtama. Upepo wa Mizinga. Nikafika wa tatu, nikataja kihenge, nikataja miaka minne, na jina halikuja. Nikadhani ni haraka tu. Nikarukia wa nne, ule uliofanya baba azaliwe jikoni kwa watu. Bibi akatikisa kichwa. "Rudi," akasema. Nikarudi. Nilikuwa nauona mti wenyewe, msomaji wangu. Niliiona nundu yake iliyopinda kuelekea nyumbani, sisimizi wakipanda kwa mstari upande wa kushoto, kovu la panga. Siku zote nilikuwa nasoma jina kwenye ile nundu bila kujua kwamba nasoma, na nundu ilikuwa imekwenda tanuruni. Nilijaribu majina yote ya wasichana wa kilima chetu, moja moja kimoyomoyo, kuona kama moja litashtuka. Hakuna lililoshtuka.

Kiganja kilibaki hewani. Ningeweza kumwomba anitajie, ungesema hivyo, lakini tulikuwa ndani ya nyumba ya watu, na ndani ya nyumba halitajwi. Na mti wa kumpeleka haukuwepo tena. Mwishowe alishusha mkono akausogeza mpaka kwenye goti langu. "Basi, mwananje," akasema, ndiyo mwanangu kwa lugha yetu. "Safari imekuchosha. Nenda kale."

Alifariki kabla ya likizo iliyofuata. Baada ya hapo pepo mbili, wa saba na wa nane, nazo zilianza kunitoka, na sasa sina hata zilichochukua; ningemwandikisha nini yule bwana wa daftari? Nimemuuliza baba kabla naye hajaondoka, nimewauliza wazee wawili waliobaki, nimekwenda hadi Kitahana kwa shangazi wa mbali. Wote wananiambia kitu kimoja: kulikuwa na mtoto, ndiyo, wamesikia. Jina hawakuwahi kuambiwa. Nina watoto wa kike wawili, na walipozaliwa nilikaa nikingoja, nikidhani labda nikiwatazama usoni litarudi nimpe mmoja. Halikurudi. Nikawapa majina ya kawaida tu.

Yule mtoto alikufa mara moja chini ya kihenge, na bibi akamweka hai maisha yake yote kwa kumwita mara moja kwa mwaka. Aliyemuua mara ya pili ni mimi, kwa bati. Bibi aliondoka akilijua hilo. Alinitazama usoni akaliona, na bado akaniambia nikale, na mimi, kwa aibu ya kutokujua la kufanya, nilikwenda nikala.