Kabati la Fundi Vanishi

Mtaani walimwita Fundi Vanishi, na si kwa sababu alipaka vanishi vizuri kuliko mafundi wengine. Lilikuwa jina la jibu lake. Ukienda kuulizia kitanda chako, au mlango wa choo ulioahidiwa kabla ya mvua, ungeambiwa, "Imebaki vanishi tu, njoo kesho," na pengine saa hiyo mti wa kuchongea mlango wako ulikuwa bado unapigwa na upepo msituni. Watu walirudi kesho, wakarudi na kesho yake, na hatimaye wakabeba kitu kizuri kiasi kwamba walisahau kugomba.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba jibu lenyewe hakulitunga yeye. Lilitungwa na mkewe. Enzi zile karakana ilipokuwa barabarani, mke ndiye aliyekaa mbele juu ya kigoda kupokea wateja, fundi akiwa amejibanza nyuma ya mbao anaranda. Mama huyo alijaliwa uso wa mtu asiyeweza kumdanganya hata mtoto mchanga, na kwa uso huo aliwadanganya watu wazima asubuhi hadi jioni, akawaaga kwa salamu za nyumbani.

Baadaye barabara ilipanuliwa, karakana ikabomolewa. Wana wao wawili walikuwa wameshaoa na kuhama, kwa hiyo fundi akahamishia vifaa vyake kwenye chumba chao cha nyuma. Kuhamishia ni neno la heshima, alivimwaga. Patasi zilikaa kwenye ndoo. Misumeno ilisimama nyuma ya mlango ikimvizia anayeingia. Misumari ilichukua makopo ya maziwa, maziwa yakakosa pa kukaa. Randa kubwa ililala kwenye kitanda cha mwana wa kwanza, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Bisibisi ndizo zilizotembea mbali kuliko vyote, zikafika jikoni na kuchanganyika na vijiko.

Siku mkewe alipouma skrubu ndani ya mchuzi, aliitoa mdomoni, akaiweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula mpaka akamaliza. Kisha akasema:

"Baba, dada anastaafu mwisho wa mwezi."

Fundi aliacha kutafuna. Dada huyo, mkubwa wa mkewe, alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipita kati ya vitanda akikagua shuka, makabati na kucha. Alipowatembelea, hata fundi mwenyewe alijikuta akificha mikono nyuma.

"Nyumba ya kazini anairudisha," mkewe aliendelea. "Anatafuta pa kuegesha mbavu."

"Si kuna kwa kaka yenu?"

"Kwa kaka kuna nafasi, na hapa kuna nafasi. Sasa nisikilize. Kile chumba kikiwa karakana ya kueleweka, vifaa ndani ya kabati, sakafu inaonekana, nitamwambia dada kwamba chumba kina mwenyewe, aende kwa kaka. Kikibaki jalala kama kilivyo leo, mimi sina uso wa kumwambia dada yangu wa tumbo moja kwamba nimemnyima kitanda kwa sababu ya ndoo za misumari. Atakuja kukiona kwa macho yake."

"Kabati?" Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Mama, unaongea na mtu aliyeyajenga makabati ya mtaa huu wote. Hiyo kazi ya siku mbili."

"Siku mbili," mkewe alirudia, kwa uso ule ule wa kwenye kigoda.

Kesho yake fundi aliingia chumbani, akageuza ndoo tupu, akaikalia, akaukabili ukuta mtupu penseli ikiwa sikioni. Katika kazi yake hakuwa na subira na wateja wasiojua wanachotaka. "Mama, chagua," alikuwa akiwaambia. "Milango miwili au mitatu? Kabati si mchumba, halitakukimbia." Na wao wakachagua haraka haraka, kwa aibu. Sasa alijiuliza swali lile lile alilowauliza wengine: unataka la namna gani? Akangoja. Mteja hakujua.

Alianza na shelfu za wazi. Alizichora ukutani kwa chaki, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, akarudi nyuma kuzitazama. Zilimpendeza. Kila kitu kingeonekana, mkono ungeenda moja kwa moja, hakuna kufungua wala kufunga. Mkewe akapita na ufagio.

"Na vumbi la mbao umelitengea shelfu ipi?" akauliza, akaenda zake.

Fundi akafuta chaki kwa kiganja.

Siku iliyofuata alihamia kwenye ubao wa kutundikia, ule ambao kila kifaa kina msumari wake na umbo lake limechorwa nyuma yake, kikiondoka unajua nini hakipo. Alilaza ubao wa plaiwudi sakafuni, akapanga vifaa juu yake, akaanza kuvizungushia penseli. Alifika nusu akasimama. Keekee ya kutobolea aliyokuwa anaichora ilikuwa ya fundi umeme, jirani wa nyumba ya pili. Ile nyundo yenye mpini mweusi ilikuwa ya fundi bomba. Pimamaji aliazimwa mara moja tu, kwa jioni moja tu, na mwashi ambaye tangu hapo alikuwa amepata wajukuu. Ubao wa wazi, alitambua, ni mzuri kwa mtu aliyenunua kila alicho nacho. Vinginevyo unawatundikia majirani ushahidi. Akausimamisha ubao ukutani, uso ukiangalia ndani.

Zikabaki droo. Droo zinaficha, droo haziingizi vumbi, droo ni za kiungwana. Lakini fundi alijijua. Droo ya kwanza angeijaza mpaka isifunge, na zile nyingine zingekaa tupu zikimsubiri awe mtu mwingine.

Akaenda kuomba ushauri kwa rafiki yake fundi magari, aliyekuwa na gereji mwisho wa barabara. Huyu alimpeleka kwa fahari mbele ya friji bovu lililosimama pembeni, akalifungua. Spana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zile ndogo zikiwa mahali pa mayai.

"Tazama," alisema fundi magari. "Shelfu zipo. Droo ya mboga ipo, nimeweka boliti. Mlango unajifunga wenyewe. Wewe unahangaika nini?"

"Mimi ni seremala, bwana. Nitaweka vifaa kwenye friji? Watu wataniambiaje?"

"Watakuambia una friji."

"Na likijaa?"

"Nasubiri la jirani life."

Fundi Vanishi alirudi nyumbani akiwa amelidharau friji lile, na usiku kucha akaota mlango unaojifunga wenyewe.

Siku mbili zilipita, zikapita na nyingine zilizozifuata. Alisoma ukuta ule kama barua. Alipima, akapima tena, akanoa penseli ambayo haikuwa butu. Wateja wawili waliokuja kuulizia kazi zao aliwaambia ana kazi kubwa ya mteja msumbufu, na hakudanganya.

Jioni moja mkewe alisimama mlangoni akijipangusa mikono.

"Limefikia wapi, baba?"

"Limebaki..." alianza fundi, ulimi ukienda wenyewe kwenye njia yake ya siku zote. Akatazama uso ule. Huwezi kumuuzia mtu shati aliloshona mwenyewe. "Limebaki kuanza," akasema.

"Dada anakuja Jumamosi."

Hapo ndipo mikono ilipochukua madaraka. Fundi aliacha kufikiri, na ilikuwa nafuu kubwa. Alishika msumeno, na mikono yake ikafanya iliyoyajua: fremu ndefu, mgongo wa plaiwudi, milango miwili mirefu yenye bawaba tatu kila mmoja ili isilegee. Mkewe alikuwa akipita na kikombe cha chai, akitupa neno dogo.

"Milango ni wazo zuri. Mgeni haoni yaliyomo."

"Ndiyo maana nimeichagua," alisema fundi, ambaye mpaka hapo hakuwa amechagua chochote.

"Ungeweka na fito huku juu. Ya makoti yako ya kazi."

Fundi alikuwa na koti moja la kazi, nalo lilikaa msumarini. Lakini fito ilikuwa wazo la busara, akaiweka.

"Na droo mbili chini, moja yenye kufuli. Za patasi."

Akaziweka. Akazisugua kwa mshumaa zikateleza kama zimekanyaga sabuni.

"Na kioo kidogo ndani ya mlango. Uwe unajipangusa vumbi la mbao kabla ya kuja mezani."

"Mama, wewe ungekuwa fundi," alisema, akakata nafasi ya kioo.

Ijumaa jioni alipaka vanishi, safari hii kweli. Asubuhi ikampata amesimama mbele ya kabati kama baba kwenye harusi ya binti. Lilikuwa zuri. Mistari ya mbao ilishuka mlango hadi mlango bila kuvunjika. Vifaa vyote viliingia ndani, vya kwake na vya majirani, milango ikafungwa, na kwa mara ya kwanza sakafu ya chumba ikaonekana kuwa na rangi. Randa ilishuka kitandani. Mkewe, kwa kuwa kitanda kilikuwa tupu, akakitandika. "Kisikae uchi," alisema.

Shemeji alifika na mkoba mmoja tu, dalili ambayo fundi aliifurahia. Matroni hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole. Akafungua mlango. Akaiona fito, akaivuta kidogo kupima kama itabeba. Akafungua droo kwa kidole kimoja, ikaja yenyewe. Akajitazama kwenye kioo, akarekebisha kilemba chake.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kwa namna ambayo mabinti wa bweni hawakuwahi kuisikia. "Nikwambie ukweli. Mimi nilikuja kuwaaga. Nilisikia chumba hiki kimejaa misumari, nikamwambia kaka anitandikie kitanda. Masanduku yangu yako njiani kwenda kwake sasa hivi."

"Eh," alisema fundi. Moyo wake ulikuwa umekaa vizuri.

"Sikujua kwamba unanitengenezea kabati la nguo."

"Kabati la..." Fundi aligeuka kulitazama. Milango miwili mirefu. Fito. Droo za chini, moja yenye kufuli. Kioo. Alikuwa amejenga makabati ya nguo kama hayo kwa kila bibi harusi wa mtaa, na mikono yake, ilipoachiwa, ilikuwa imejenga jingine.

"Shemeji, hilo ni la vifaa..."

"Vifaa nimeviona. Umelijaribu navyo uzito, vizuri sana. Utavitoa taratibu." Akafungua mkoba, akachukua simu. "Ngoja nimpigie kaka ayageuze masanduku. Mtu amenifanyia heshima kama hii, mimi nimdharau niende kwingine? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akiangalia dirisha, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeweza kumdanganya hata mtoto mchanga.

"Mama," alimnong'oneza koridoni baadaye. "Ulijua."

"Mimi nijue nini, baba? Mimi fundi?"

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kumtupia mwanamume vifaa vyake nje, droo za chini zibaki za fundi, na pembeni ya fito atamwachia kipande cha kutundikia misumeno, mradi kila kitu kikae mahali pake. Ufunguo ukae kwake, kwa sababu ameishi na makabati na anajua yanavyoharibika. Kila kifaa kilichokuwa cha jirani alikigundua ndani ya wiki ya kwanza, kwa kuuliza tu, na kukirudisha mwenyewe kwa mwenyewe. Mwashi alilia kidogo alipoliona pimamaji lake.

Fundi akahamia nje, chini ya paa la veranda, meza ya kazi ikiegemea ukuta. Akihitaji patasi hubisha hodi.

"Nani?"

"Fundi."

"Unataka nini?"

"Ile patasi nyembamba, shemeji."

"Ile pana ya jana imerudi?"

Naye hurudi kuitafuta ile pana, chini ya maranda, kwenye mfuko wa koti, wakati mwingine jikoni kati ya vijiko.

Alasiri moja mama mmoja wa mtaani alikuja kuulizia kiti chake. Mke wa fundi alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akichambua mchele.

"Kiti changu, jamani? Au ndiyo yale yale?"

"Imebaki vanishi tu," alisema mke wa fundi.

Mteja alicheka kwa uchungu, akapiga makofi. "Hamjambo nyinyi! Mpaka leo!"

"Mama, mimi naapa," fundi aliruka kutoka nyuma ya meza, akamvuta mteja kwa mkono mpaka kilipokuwa kiti. Kilikuwa kimesimama hapo, kimekamilika, kimesuguliwa msasa mpaka kimekuwa laini kama shavu, miguu minne yote imekaa sakafuni. "Tazama! Gusa! Kweli imebaki vanishi tu!"

"Basi paka, nione."

Fundi alitazama dirisha la chumba cha nyuma. Pazia lilikuwa limevutwa. Kopo la vanishi lilikuwa kwenye droo ya chini ya kushoto, ile yenye kufuli, na shemeji alikuwa na kawaida yake ya bweni ya kulala mchana, na hakuna aliyewahi kumwamsha akabaki na amani.

"Njoo kesho," alisema.