Blanketi Lililokosa Kazi

Mama mkwe wangu alishuka kwenye lori la shamba akiwa na blanketi zito mabegani, lile alilokuwa akilivaa kwao Tumati, kwenye baridi ya milimani, asubuhi mpaka jioni. Akatazama jua, akatazama nyumba zetu za bati zilizopangwa mstari, akanipa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi ninyi mnaishi ndani ya jiko?"

Nilicheka, lakini moyoni nilipata wasiwasi. Tumbo langu lilikuwa limeshashuka, mtoto wa kwanza, na huyu mama ndiye pekee niliyekuwa nimemwomba Mungu aje. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Nilitaka mwanamke mzima awepo siku ya kujifungua, aniambie lini nipige kelele na lini ninyamaze. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Angeweza kufungua injini na kuifunga tena, lakini kwa jambo hili tulikuwa vipofu wawili.

Mama akalikunja blanketi lake, akaliweka juu ya sanduku. "Limekosa kazi," akasema.

Tangu hapo alilalamika kwa bidii. Ngano ilikuwa imeshavunwa, matrekta yanalima, na vumbi liliingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Alilalamikia vumbi. Alilalamikia upepo, kwamba unavuma bila kuleta chochote. Alilalamikia maji ya bomba, kwamba yana ladha ya msumari. Mchana bati lilipopata moto na kuanza kugonga ko, ko, alilijibu, "Karibu, ingia!" Na asubuhi alilalamikia baridi. Bati, alisema, halina fadhila. Jua likizama tu, bati linasahau kwamba lilichomwa kutwa nzima.

Mimi nilihangaika. Nilimwaga maji uani kupoza vumbi, nikahamisha kitanda chake mbali na ukuta wa magharibi, nikaazima chandarua cha jirani nikakitundika dirishani. Nikirekebisha hili, anapata lile. Mwisho nikamuuliza mume wangu kama mama yake ananichukia. Akacheka sana. "Mama hajawahi kulala kwenye nyumba isiyo na mifugo," akasema. "Kwetu ng'ombe wanalala ndani, wanapumua, nyumba inapata joto. Hapa anasikia kimya tu."

Sheria ya kota za wafanyakazi ilikataza mifugo. Hata hivyo jioni moja mume wangu akarudi na kondoo jike aliyemwazima kwa rafiki yake mfugaji, akamfunga kwenye kona ya chumba cha mama. Kondoo ana adabu, hapigi kelele kama mbuzi. Asubuhi mama alitoka na uso laini, akalalamika kwamba kondoo anakoroma. Nilimpenda sana siku ile.

Sasa niseme na mimi nilivyokuwa. Nililelewa Endasak kwa shangazi yangu, mtu mwema mwenye watoto wengi. Mtoto asiye na mama hujifunza mapema kutosumbua. Viatu vikibana, nilisema vinanitosha. Njaa ikiuma, nilisema nimeshiba. Kwa hiyo kila asubuhi mama mkwe aliponiuliza, "Umeamkaje?" nilimjibu, "Salama kabisa, mama." Miguu imevimba, mgongo unawaka, usingizi hakuna, mimi ni salama kabisa. Nilifikiri hivyo ndivyo mkwe mwema anavyoongea.

Kisha habari zikaja na mtu aliyetoka Dongobesh, jirani na Tumati: ng'ombe wa mama, yule wa maziwa, anakaribia kuzaa, na baba mkwe anauliza. Mama akaanza kufunga mzigo. Nikamwambia, "Sawa, mama. Msalimie baba." Nikaingia jikoni nikajifanya napuliza moto, machozi nikayasingizia moshi.

Mume wangu akanikuta huko. "Umemwambia aende?"

"Ameamua mwenyewe. Amechoka na joto letu."

"Joto? Mama anaondoka kwa sababu humhitaji. Ameniambia mwenyewe. Kila akikuuliza, unamwambia mambo ni mazuri. Anakueleza shida zake, wewe hata moja humpi. Kwetu mtu akikwambia mambo yote ni mazuri, anakuaga."

Nilibaki na mwiko mkononi. Kumbe siku zote zile, kila alipolalamikia vumbi, alikuwa ananifungulia mlango, nami namjibu kwa kuurudisha. Nilitaka kwenda kumwambia papo hapo, lakini ulimi haukujua njia. Kitu usichokizoea toka utoto hakiji kwa kuitwa mara moja.

Kesho yake, jua la utosi, lori lililopakia ngano likasimama mbele ya kota likielekea Katesh, ambako mama angepanda gari la kwao. Utingo akamsaidia mama kupanda mbele, mzigo akapewa mkononi. Injini ilikuwa inanguruma. Wafanyakazi waliokuwa wakila kivulini walikuwa wamevua mashati. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Haya, mwanangu. Baki salama. Huna shida?"

Nikafungua mdomo niseme kama kawaida. Jasho lilikuwa linanitiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka shingoni.

"Mama," nikasema, "nasikia baridi."

Wale wanaume kivulini wakaacha kutafuna. Dereva akanitazama kama anayemtazama mgonjwa wa malaria. Mama aliangalia jua, akaniangalia mimi, akaangalia jua tena, kisha akamgeukia dereva.

"Zima gari. Nishushe."

"Mama, na ng'ombe wako?" mume wangu akauliza.

"Ng'ombe anajua kuzaa. Huyu hajui."

Akashuka polepole, akiulalamikia urefu wa ngazi ya lori na ujinga wa aliyeitengeneza. Akaweka mzigo wake chini, akaufungua mbele ya watu wote, akatoa lile blanketi. Akanifunika mabegani, akalikaza chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kanisani asubuhi.

"Haya," akasema, "niambie na mengine."

Nikaanza na miguu, nikaja kwenye mgongo, na tulipofika mlangoni nilikuwa bado naendelea. Blanketi lilinuka moshi na ng'ombe. Jasho lilinilowanisha mwili mzima, nami nikalikamata blanketi kwa mikono yote miwili lisije likaanguka.