Mtu wa Kunichukua Hospitali

Barua ya hospitali ilisema nitafanyiwa operesheni ndogo ya goti na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini lazima nichukuliwe na ndugu au rafiki. Bila mtu, operesheni hakuna. Ndugu zangu wote, pamoja na wanangu, wako Tanga. Nikacheka: rafiki tu? Hapa Tottenham, London, ninao tele!

Kwa Kiingereza kila mtu ni friend. Muuza mihogo sokoni ananiita my friend huku akinipa iliyooza. Bosi wangu hunitambulisha hivyohivyo kwa wageni, na hajui hata nina watoto wangapi. Jirani wa chini ndiye kabisa! Akiniona, ananikumbatia: "Siku moja lazima tunywe kahawa, friend." Mwaka wa nne huu, siku hiyo haijafika.

Mwitaliano ninayekaa naye meza moja ofisini, yeye neno hilo analibania. Siku moja nilimwambia mgeni, "Huyu rafiki yangu." Akanisahihisha palepale, macho makavu: mimi ni collega, mtu wa kazini. Amica, yaani rafiki, kwao ni yule anayejua sufuria zako ziko kabati gani. Loo! Niliumia. Nilimnunia wiki nzima, hata chai sikumtengenezea.

Basi nikaanza kutafuta mtu. Bosi alikuwa na kikao. Jirani akasema, "Pole sana, friend! Ukihitaji chochote, usisite kuniambia." Jamani, si ndiyo nakwambia! Ilipobaki siku moja nikashika simu pale ofisini niifute ile operesheni, machozi yananilengalenga. Miaka yote hii London, nimekosa mtu mmoja wa kunishika mkono.

Mwitaliano akainua kichwa. "Saa ngapi?" akauliza. Halafu akaomba anwani yangu, na hapo nikaona haya. Mara ngapi nimemwambia "karibu nyumbani", kama tunavyomwambia kila mtu, na siku sikutaja, wala mtaa? Kahawa ya jirani na hiyo "karibu" yangu, ni yaleyale tu.

Alikuja kunichukua, kachelewa, analaani mabasi njia nzima. Akanipandisha ngazi, akanilaza kwenye kochi, akaingia jikoni bila kuuliza. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hagusi chombo. Nikataka kuinuka, goti likanikatalia. Nikabaki nasikiliza makabati yakifunguliwa moja baada ya jingine, na yeye anagombana na vyombo vyangu kwa Kiitaliano.

"Sufuria ziko kabati la chini, karibu na dirisha!" nikapaza sauti.

"Najua," akajibu. "Nimeshaziona."

Nikavuta shuka nikajifunika uso, nikalia kwa raha zangu.