Kipengele cha Kagunga

Mkuu wangu wa ujumbe nilimchukia kabla hajanipa sababu, na aliponipa nilishukuru, maana chuki isiyo na sababu huchosha. Alikuwa mtu wa manukato na miwani ya jua, na kila tulipotua Kigoma aliuliza kwa sauti, mbele ya wenyeji, kama hotelini kuna maji. Mimi nimezaliwa Buzebazeba, hapo hapo Kigoma. Maji tunayo ziwa zima.

Kazi yetu ilikuwa kujadiliana na nchi jirani kuhusu biashara ya mpakani. Yeye alikuwa msemaji, mimi mwanasheria, yaani mtu wa kuandika kile ambacho wakubwa wanadhani wamekisema. Mara hiyo mazungumzo yalifanyika kwetu, katika hoteli moja ya Bangwe, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kulikuwa na kipengele nilichokitaka kwa moyo wangu wote.

Kilikuwa kifupi. Kilisema cheti cha dagaa kikigongwa muhuri palepale Kagunga, jirani akitambue. Kagunga ni kijiji cha mwisho; ukitoka hapo kwa miguu unafika mpakani. Lakini ofisi inayogonga muhuri iko mjini, kwa hiyo wanawake wa kule hupakia dagaa wao kwenye boti, wakashuka nao mpaka Kigoma, wakagongewa, kisha wakapanda nao tena kurudi walikotoka. Dagaa wakilowa njiani, shauri lao. Mama yangu mdogo ni mmoja wa wanawake hao. Nilipomwambia kwamba safari hii jambo lao litakwisha, alikwenda kuwatangazia wenzake wote.

Katika kazi yetu, maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa kwenye mabano. Kipengele changu kilikaa mabanoni siku nzima ya kwanza, kwa madai kwamba muhuri wa kijijini hauaminiki. Asubuhi iliyofuata kiongozi wa wageni alimwinamia mwenzake wakasemezana Kirundi, bila hata kupunguza sauti, kama watu wanavyosema mbele ya mtoto mchanga. Sisi Waha hatuhitaji kufundishwa Kirundi. Ukiwa na Kiha, umeshakielewa hata kama hukutaka. Alisema hiki tutawapa wakikomaa, ila mkubwa wao hatakomaa, anataka kusaini awahi ndege.

Nilifurahi mno. Wakati wa chai nikamfuata mkuu wangu.

"Mkuu, tusilegeze cha Kagunga. Watakubali."

"Umejuaje?"

"Wamesema wenyewe."

"Wamekwambia wewe?"

"Wameambiana, kwa Kirundi."

Aliweka kikombe chini. "Na wewe Kirundi umekijulia wapi?"

"Mimi Muha, mkuu. Nyumbani ni hapa hapa."

"Hapa hapa," alirudia. "Miaka yote unakaa mezani kwangu, unawaelewa, na hujawahi kusema. Hivi wewe hasa ni wa upande gani?"

Asiye wa Kigoma anaweza kudhani huo ni utani. Sisi tunaulizwa hivyo tangu shuleni, eti huenda ni Warundi. Baba yangu, aliyewafundisha watoto wa nchi hii kusoma mpaka akastaafu, aliwahi kushushwa kwenye basi akatakiwa aeleze bibi yake alizikwa wapi. Nilidhani shahada na beji ya serikali vimenivusha hapo. Nilijidanganya, na nilikasirika kwa ajili ya baba kuliko kwa ajili yangu.

"Nenda kapumzike," akasema. Kisha akamgeukia mchumi wetu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Mchumi akacheka, akaenda kukalia kiti changu.

Nilikaa barazani nikitazama ziwa kwa hasira, kama vile nalo lilikuwa na kosa. Kufikia chakula cha mchana mabano yalikuwa yameondolewa, pamoja na kilichokuwa ndani yake. Mkuu wangu hakukiuza hata kwa kitu kingine. Alikiacha tu, ili watu wamalize.

Jioni ile ile walisaini. Wapiga picha walipokwisha kujipanga, aliniita kwa kidole, amejaa tabasamu.

"Mwanasheria wetu anakijua sana Kirundi," akawaambia wageni. "Hebu nipe salamu moja, niwafurahishe ndugu zetu."

"Sikijui, mkuu," nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Mimi ni wa upande huu."

Alibaki mdomo wazi mbele ya kamera. Kiongozi wa wageni, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri, aliniangalia, na nikamwona akikumbuka kimoja kimoja yote aliyoyasema mbele yangu. Nakiri nilifurahia nyuso zote mbili. Furaha yenyewe haikuvuka asubuhi, kwa kuwa asubuhi mama mdogo alishuka na boti bandarini Kibirizi.

Nilimkuta kando ya magunia yake, amefunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje," akaitikia, yaani mwanangu kwa Kiha. "Walikataa?"

"Hawakukataa. Walikuwa tayari kutupa. Wa kwetu ndiye aliyekiondoa."

"Ye? Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilitolewa nje. Walisema haijulikani mimi ni wa wapi."

Aliingiza mkono guniani, akatoa dagaa kidogo, akawaminya. Walikuwa wamelowa. Nilingoja anilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Kumbe mule ndani hatukuwa na mtu," akasema.

Akajitwika gunia, maji yakimchuruzika shingoni, akashika njia ya kwenda kugongewa muhuri.